Sheria ya Kwetu Isifungiwe Ndani ya Droo

Mazungumzo yetu na familia zilizohama makwao na viongozi wa mabaraza ya amani, Kalemie, jimbo la Tanganyika



Tunajua kwamba wengine mngekuwa sasa hivi katika mashamba ya watu, mkitafuta chakula cha jioni. Kwa hiyo hatutawachosha. Leo hatukuleta mahema wala unga. Tumeleta swali moja tu: sheria zinazotutawala huku chini, sokoni, njiani na shambani, ziko wapi? Ni nani kati yetu amezisoma?

Tuanze na mambo tuliyoyaona sisi wenyewe.

Mama mmoja, mhamaji kama ninyi, anayeishi kwa jamaa waliompokea, alikuwa akileta makala mjini. Mfuko mmoja tu, juu ya kichwa. Kwenye bariere akasimamishwa na kuambiwa alipe franka 1,000. Akauliza: “Hii ni kodi gani, baba?” Akajibiwa: “Ni sheria ya jimbo.” Akauliza tena: “Naweza kuiona?” Akajibiwa: “Sheria iko ofisini. Lipa upite.” Jua lilikuwa linazama, watoto walikuwa wanamngoja. Akalipa. Hakupewa karatasi yoyote ya malipo.

Alipotueleza jambo hilo, tulisema: basi twende tuitafute hiyo sheria. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ofisi ya pili. Kwenye ofisi ya pili, mtu mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amesafiri. Ofisi ya tatu ilituomba kwanza pesa ya kutafuta, kisha pesa ya fotokopi. Siku ya kumi na moja tukapata ukurasa mmoja, fotokopi ya fotokopi, tarehe yake imekatika nusu. Tukausoma pamoja na yule mama. Kodi ilikuwapo kweli. Lakini iliandikwa kwa ajili ya makala yanayopakiwa ndani ya magari kwa biashara. Mtu anayebeba mfuko kichwani hakutajwa mahali popote.

Hatutaji ofisi wala watu, kwa maana hatukuja hapa kumshitaki mtu. Tunataka tu msikie neno alilosema yule ajenti wa bariere, tulipomwonyesha karatasi ile kwa upole. Alisema: “Mimi pia sikuwahi kuiona. Niliambiwa kwa mdomo tu.”

Ndugu zetu, mama hakujua sheria. Ajenti hakujua sheria. Mmoja alilipa, mwingine alipokea, na sheria yenyewe ilikuwa imelala ndani ya droo, mwendo wa siku kumi na moja.

Sheria isiyoonekana inaweza kuwasha vita

Mtu anaweza kusema: franka 1,000 si kitu, kwa nini kupoteza wakati? Sisi wa Tanganyika tusiseme hivyo. Tunajua moto ulianzia wapi.

Mwezi wa Julai 2016, uhasama kati ya ndugu zetu Batwa na Baluba uliwaka tena. Ripoti nyingi za wakati ule zilitaja sababu mojawapo: Batwa walidaiwa kodi juu ya viwavi, hivi viwavi tunavyookota msituni, tunakula na kuuza. Wakakataa. Ni kweli kwamba chini ya jambo hilo kulikuwa na maumivu ya zamani: ardhi, dharau, kazi isiyolipwa, kukosa sauti. Watu walikuwa wamekufa hata kabla ya mwaka ule. Lakini cheche ilikuwa kodi. Mwaka 2017 watu zaidi ya 500,000 walikuwa wamehama makwao katika jimbo letu. Wengi wenu mlikuwa kati yao.

Leo hatutaki kuamua nani alikuwa na haki. Tunauliza tu: kama siku ile kungekuwa na karatasi moja ambayo Mtwa na Muluba wangeweza kuiona wote wawili, inayosema kodi hii ipo au haipo, ni kiasi gani, nani anaipokea, pesa inakwenda wapi, je, baraza lisingekuwa na mahali pa kuanzia? Mahali ambapo hakuna maandiko, kila upande unabaki na neno lake. Na neno likikosa nguvu, watu wanachukua mshale na panga. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katiba inasema nini

Wengine wanafikiri kwamba kuomba kuona sheria ni kiburi. Hapana. Kuuliza si ujinga, wala si uasi. Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, inatupa haki hiyo.

Kipengele cha 62 kinasema kwamba mtu hawezi kujitetea kwa kusema hakuijua sheria. Neno hilo viongozi wengi wanalijua kwa moyo. Lakini Katiba ile ile, katika kipengele cha 142, inaweka mzigo upande wa pili. Inasema sheria inaanza kufanya kazi siku thelathini baada ya kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, linaloitwa Journal Officiel, isipokuwa sheria yenyewe imepanga namna nyingine. Tena inaagiza serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku sitini tangu Rais aitie sahihi. Lugha hizo ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Basi Kiswahili tunachozungumza hapa kimo ndani ya Katiba. Kusomewa sheria kwa Kiswahili si zawadi ya mtu.

Kipengele cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kipengele cha 174 kinasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Na kipengele cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Hicho cha 27 mkishike vizuri, tutakirudia.

Sasa, sheria hazitoki Kinshasa peke yake. Jimbo lina bunge lake, linalopiga kura ya sheria za jimbo, zile zinazoitwa edi. Gavana anatia sahihi maagizo yanayoitwa arete. Chini yake kuna mji, komine, sekta na sheferi. Hizo Katiba inazitambua kuwa na utu wake mbele ya sheria, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilipanga namna zinavyofanya kazi na kuchukua maamuzi. Kijiji na grupema hazina uwezo huo wa kujitungia kodi.

Juu ya pesa, ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 ilipanga orodha ya kodi na malipo ya majimbo, na yale ya miji, komine, sekta na sheferi. Maana yake ni kwamba kuna orodha. Anayetoza kodi anapaswa kuweza kuonyesha mstari wake katika orodha, na uamuzi wa hapa kwetu unaoweka kiasi chake. Asipoweza, basi ni pesa ya mfukoni, si kodi.

Ni nini kinakosekana

Sheria za taifa, mtu mwenye simu anaweza kupata nyingi kati yake. Kuna tovuti za intaneti, kama Leganet, ambazo kwa miaka mingi zimeziweka wazi bila malipo. Hilo ni jambo jema, ingawa karibu zote ni kwa Kifaransa. Lakini tulipotafuta edi za jimbo, arete za gavana na maamuzi ya sheferi zetu, tulipata vipande tu. Yaani sheria iliyo mbali inaonekana, na ile inayogusa mfuko wa makala, kibanda cha sokoni na shamba la mihogo ndiyo imejificha.

Tunaloomba ni rahisi kulisema. Kila edi, kila arete na kila uamuzi wa komine, sekta na sheferi uwekwe kwenye intaneti, bure, mahali pamoja, kwa namna ambayo mtu anaweza kutafuta ndani yake. Aandike neno “makala”, au “soko”, au “shamba”, na zitokee sheria zote zinazosema juu ya neno hilo.

Tukisema “kutafuta”, tunataka kusema nini? Siyo kupiga picha ya karatasi iliyochakaa na kuitupa mtandaoni. Ndani ya picha ya namna hiyo, ni vigumu kwa simu kutafuta neno. Maandishi yachapwe upya, herufi kwa herufi, na picha ya karatasi yenye sahihi na kashe iwekwe kando yake kama shahidi. Kila sheria ionyeshe namba yake, tarehe yake, na kama bado inatumika au imefutwa. Hilo la mwisho ni kubwa. Tumeona watu wakitozwa kwa karatasi ambayo uamuzi mwingine ulikwisha kuifuta. Na kurasa ziwe nyepesi, zifunguke hata kwa simu ndogo na mtandao dhaifu, zisimalize mega za mtu maskini.

Wengine wanasema kazi kama hiyo ni ya Ulaya. Tuangalie karibu. Kenya ilipata Katiba mpya mwaka 2010, na kaunti zake 47 zikaanza kazi mwaka 2013. Taasisi ya serikali inayoitwa Kenya Law inachapisha bure sheria za taifa pamoja na sheria za kaunti. Ng’ambo ya ziwa letu, Tanzania ina TanzLII, inayosimamiwa na Mahakama yake, na mtu anasoma humo sheria na hukumu bila kulipa. Afrika Kusini kuna OpenBylaws, iliyowekwa hasa kwa sheria ndogo za miji, ile kanuni ya soko, ya maji, ya takataka, ya kuuza kando ya barabara. Na tangu mwaka 2002, taasisi za nchi mbalimbali zilitoa tangazo la Montreal, kwamba sheria ni mali ya watu wote na inapaswa kupatikana bure. Nchi hizo nazo zina umaskini na vijiji visivyo na umeme. Hazikungoja kila mtu awe na simu.

Maswali tunayoulizwa

Swali la kwanza: “Sisi hatuna simu za intaneti, wengine hatujui kusoma. Hiyo itatusaidia nini?” Swali hilo ni la haki. Jibu letu: redio moja inatosha kijiji kizima, na msomaji mmoja anatosha baraza zima. Leo hata yule mwenye simu na elimu hawezi kupata sheria ya sheferi yake. Ikiwa wazi, kijana mmoja anaitafuta, mwalimu anaisoma, baraza linaisikia kwa Kiswahili na kwa Kiluba, karatasi inabandikwa sokoni, redio ya mahali inaitangaza. Intaneti ni kisima. Bado tunahitaji watu wa kuteka maji na kuyapeleka nyumbani.

Swali la pili linatoka kwa mashefu: “Watu wakisoma sheria, hawatatutii tena.” Shefu mmoja alituambia hivyo, kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: “Lakini hata mimi sina hizo karatasi. Wakinituma nikusanye, nakusanya. Watu wanachukia mimi, si yule aliyenituma.” Mnaona? Sheria ya wazi inamlinda shefu mwema. Anaweza kusema: si mimi niliyetunga, soma mwenyewe. Na anaweza pia kumjibu mkubwa anayemtuma kutoza kitu ambacho hakimo.

Swali la tatu ni gumu zaidi: “Na watu wenye silaha? Wao wanajali sheria?” Hatutawadanganya. Mwaka 2017 shirika la utafiti la Ubelgiji, IPIS, lilihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na nyingi zilishikwa na watu wenye silaha, wa serikali na wa waasi. Mbele ya bunduki, karatasi si ngao. Mama, baba, usibishane na mtu mwenye silaha kwa ajili ya franka 1,000. Pita salama, kumbuka mahali na siku, uje uieleze barazani. Lakini tukumbuke jambo moja: pale ambapo sheria ya kweli haijulikani, ni vigumu kumtofautisha mkusanya kodi na mnyang’anyi. Ikijulikana, mnyang’anyi anabaki uchi.

Swali la nne: “Na kama sheria yenyewe ni mbaya?” Basi na ionekane, ili tuweze kuomba ibadilishwe. Hakuna anayeweza kurekebisha asichokiona. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai, ya kulinda na kukuza haki za Mbilikimo wa asili, na Batwa wa Tanganyika wamo. Tulipoitaja katika kijiji kimoja cha Batwa, mzee aliuliza: “Ilitoka mwaka gani?” Tukamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema: “Miaka yote hiyo ilikuwa inakuja kwa miguu?”

Kwa ninyi mnaofikiri kurudi

Tunajua wengine mnaangalia njia ya kurudi. Hapo sheria ya mahali inakuwa jambo la chakula na la uhai. Unafika, unakuta shamba lako linalimwa na mwingine. Unaambiwa kuna malipo ya kuandikisha aliyerudi, malipo ya kupima kiwanja, malipo ya kufungua tena kibanda sokoni. Ni yapi ya kweli? Nani ana uwezo wa kukata neno juu ya shamba lako? Nchi za Maziwa Makuu, na yetu ikiwa kati yake, mwaka 2006 zilikubaliana itifaki juu ya haki za mali za watu wanaorudi makwao. Lakini mbele ya shefu wa grupema hutasimama na itifaki ya Maziwa Makuu. Utahitaji uamuzi wa pale pale, wenye namba na tarehe. Na yule aliyekaa katika shamba lako anahitaji kuusoma pia, ili asifikiri umekuja na hila. Maandiko yaliyo wazi kwa wote wawili yanawapa mazungumzo badala ya panga.

Tufanye nini

Tunaomba mambo matano, na mengine mnaweza kuyaanza juma hili.

Moja. Kila baraza liwe na daftari. Muandike kila malipo mnayoombwa: jina lake, kiasi, mahali, siku, na kama mlipewa karatasi ya malipo yenye kashe. Msiandike majina ya watu. Tunatafuta sheria, hatutafuti adui.

Mbili. Mkutane na mkuu wa sekta au wa sheferi kwa heshima, watu watatu au wanne, wamama wakiwamo, Batwa na Baluba pamoja. Mwombe orodha ya kodi ibandikwe mbele ya ofisi na sokoni. Hiyo haihitaji intaneti wala umeme. Inahitaji karatasi na misumari minne.

Tatu. Mkikataliwa, tumieni kipengele cha 27. Andikeni ombi moja, fupi, watu wengi watie sahihi au kidole gumba. Mbaki na kopi yenye tarehe ya kupokelewa. Miezi mitatu ihesabiwe kuanzia siku hiyo.

Nne. Vijana mnaojua kuchapa kwa kompyuta, tunawahitaji. Karatasi zitakazopatikana zichapwe, zihakikishwe mara mbili na watu wawili tofauti, ndipo ziwekwe wazi. Kosa la namba moja linaweza kuleta ugomvi. Na mkipokea picha ya “sheria mpya” kwa WhatsApp, isiyo na namba wala tarehe wala sahihi, msiieneze.

Tano. Tuwaombe wabunge wetu wa jimbo waamue kwamba hakuna edi wala arete itakayotumika kwa mtu kabla haijawekwa mahali ambapo mtu huyo anaweza kuisoma bure. Hilo ndilo ombi kubwa. Mengine manne ni njia ya kulifikia.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi kuleta kwenye mabaraza yenu kila maandishi tutakayopata, kuyaeleza kwa Kiswahili chepesi, na kusema wazi pale ambapo hatukupata. Hatuahidi kwamba bariere zitaondoka.

Yule mama wa makala, mwisho wake ni upi? Pesa yake haikurudi. Lakini aliikunja kopi ya sheria ile, akaifunga ndani ya kitambaa. Alipita bure mara tatu. Mara ya nne alikuta mtu mwingine, mgeni, ambaye hakutaka kusoma. Akalipa. Alipotuelezea tulidhani amekata tamaa. Akasema: “Hapana. Nipeni kopi nyingine. Ile niliacha kwake, asome usiku.”

Wapendwa, mkitoka hapa, mwendo wenu uwe na kopi moja ndani ya kitambaa. Na siku moja, mtoto wa yule mama aandike neno moja tu ndani ya simu, na sheria ije kwake bila kutembea siku kumi na moja.

Mungu awalinde ninyi na familia zenu, na awarudishe makwenu kwa amani.